Wimbo Uliobaki Upande wa Pili wa Ukuta

6 Februari

Shemeji wa mawinguni,

Habari za huko juu kwenye baridi? Huku chini tupo, tunasogea. Mama yako hajambo. Goti lake lina siku nzuri na siku mbaya, na siku mbaya anasema ni wewe unayetuletea mvua kwa makusudi. Nilimwambia kazi yako huko kituoni ni kupima mvua, siyo kuileta. Akaniuliza, "Anayeipima si ndiye anayejua inatoka wapi?" Anakusalimu sana na anasema ule vizuri.

Nakushukuru kwa barua ya mwaka mpya na kwa soksi. Nazivaa kazini. Miguu yangu haijawahi kuheshimiwa hivi.

Duka nimelifungua tena. Cherehani ya dada yako nimeifunika kwa shuka, lakini pasi, vifungo na zipu naviweza, na wateja wamekuwa wema kuliko nilivyotarajia. Hakuna anayeuliza nitaleta lini fundi mwingine. Wanaleta nguo za kupiga pasi ambazo hata hazijakunjamana. Jana mwalimu wa hesabu aliniletea shati nililompigia pasi siku chache tu nyuma. Mistari yangu ilikuwa bado imesimama kwenye mikono. Nikalipiga tena.

Sasa nije kwenye lililonifanya nishike kalamu. Ni ile kompyuta ya nyimbo.

Unakumbuka alivyoziweka. Hakujali nani ameimba wala wimbo unaitwaje. Kila wimbo aliupa jina la kazi aliyokuwa akiishona ulipopigwa. "Gauni la bibi harusi aliyenuna." "Suruali ya fundi bomba, mara ya tatu." "Mapazia ya zahanati, kijani kibaya." Ukitaka kumsikia dada yako anavyoongea, soma majina yale. Mimi huwa nayasoma hata bila kupiga wimbo wenyewe.

Lakini kompyuta inakwisha. Inavuma kama birika, kisha inajizimia katikati ya wimbo. Msusi wa duka la pili ameniona nikihangaika nayo akanipa ya kwake, ambayo haihitaji tena kwa kuwa amenunua mpya. Ina programu mpya ya muziki. Aliibwaga mezani akasema, "Jirani, chukua. Tangu ukuta huu unyamaze nalazimika kuongea mimi kutwa nzima, na wateja wamenichoka." Ukuta wetu ni mbao tu, unajua. Nilitaka kumshukuru vizuri, akawa ameshatoka.

Nyimbo zote nimezinakili kwenye ile diski ndogo uliyotuachia. Niambie sasa nizihamisheje kwenye hii programu mpya, na uniambie polepole kama unamwambia mama.

Kuna wimbo mmoja hasa usipotee. Wiki ile ya mwisho, kabla hajalazwa, alitaka nguo zote za watu zifike kwao, nami nikawa nazunguka kuzipeleka tangu asubuhi. Jioni moja nilirudi nikamkuta anaandika kwa kidole kimoja. Nikasoma juu ya bega lake: "Ya mdogo wangu. Mpaka mwisho." Nikamuuliza, "Hiyo ni nguo gani?" Akacheka. "Hiyo siyo nguo. Hiyo ni ya kwake, akishuka."

Maneno hayo sikuyaelewa, labda wewe unayaelewa. Wimbo wenyewe sijausikiliza. Niliona wewe ndiye wa kwanza.

Utashuka lini?

Shemeji yako, bado nimeshika pasi.


19 Februari

Shemeji yangu mwenye soksi,

Barua yako imepanda na lori la maji, imelowa pembeni lakini imesomeka yote. Nimefurahi duka limefunguliwa. Mwambie mama mvua ya wiki hii siyo yangu, ni ya mwenzangu wa zamu, mimi nilikuwa nimelala. Huku upepo ni wa kuchagua, ama unakusukuma mlangoni ama unakunyima mlango. Mwenzangu anakoroma mpaka nahofia vipimo. Zaidi ya hapo tunashukuru, afya ipo.

Kuhusu nyimbo. Fanya hivi, na usiruke hatua hata moja.

Chomeka diski. Kabla ya kufungua programu yoyote, nakili nyimbo zote ziingie ndani ya kompyuta mpya. Zikishaingia, chomoa diski uifungie kabatini, usiiguse tena. Hiyo ndiyo akiba yako. Programu isifanye kazi juu ya diski yenyewe, hata ikikubembeleza.

Kisha ndipo ufungue programu uioneshe nyimbo zilipo. Na hapa nisikilize vizuri. Programu hizi mpya zina ujuaji. Zinausikiliza wimbo, zinautambua, halafu zinataka kukurekebishia jina liwe lile lililoandikwa na waliourekodi. Itakuuliza. Kataa. Ikikuuliza tena, kataa tena. Dada ameandika alivyoandika.

Hilo la mwisho uliloniandikia, nimelisoma.

Lori linapiga honi. Dereva huyu hana subira hata ya muhuri.

Nakushukuru kwa kutunza.

Mdogo wake.


21 Februari

Shemeji,

Sijangoja jibu lako, nisamehe. Mama hajambo, anakusalimu. Salamu nyingine nitaziandika nikitulia.

Nimeharibu.

Leo nilikuwa na nafasi, nikasema kwa nini nimsumbue mtu aliye mlimani, hii si kazi ya kuhamisha tu? Nikachomeka diski, nikafungua programu, nikaionesha diski. Ikazisoma zote, nikafurahi. Kisha ikaniuliza swali. Iliuliza kwa adabu sana, shemeji, ilikuwa hata na neno tafadhali. Ilisema imezitambua nyimbo zangu, na je, irekebishe majina yasiyo sahihi? Nikafikiri labda ni herufi. Unajua dada yako alivyokuwa akiandika, herufi aliziacha kama nyuzi. Nikabonyeza Ndiyo.

Mstari wa kijani ukaenda, ukafika. Nilipotazama, kila wimbo ulikuwa na jina zuri la kitabuni na picha ya watu nisiowajua, wamevaa miwani. Nikatafuta bibi harusi. Nikatafuta mapazia. Dada yako hakuwemo.

Nikaitazama diski, nayo ni hivyo hivyo. Nikaiwasha kompyuta ya zamani. Ikavuma, ikatulia, na tangu hapo haijasema tena.

Wimbo wako umo humo. Najua umo. Ni kama sindano iliyodondoka kwenye rundo la vitambaa, haijatoka dukani, lakini nipitishe mkono wapi? Nyimbo ni nyingi mno na mimi sikuusikia.

Laiti ningekuwa nimeusikiliza hata mara moja. Nilijizuia kwa heshima, na sasa heshima yenyewe ndiyo imenifunga.

Ni mimi.


20 Machi

Shemeji,

Salamu kwako na kwa mama. Huku tuko salama.

Barua zetu zimepishana njiani. Nadhani zilionana kwenye lile daraja la mbao na hazikusalimiana. Yangu ilikuwa inakuambia ukatae.

Usijilaumu, nakuomba. Ningekuwa mimi, nikaulizwa kwa tafadhali, huenda ningejibu vilevile. Kompyuta ya zamani usiitupe wala usimpe mtu aifungue.

Kuhusu wimbo, uache tu. Una kazi, na mimi siwezi kukuambia lini nitashuka. Barabara bado ni mbaya.

Shukrani kwa yote uliyomfanyia. Hilo sijawahi kukuandikia.

Mdogo wake.


9 Mei

Shemeji,

Hujambo? Mwezi wa nne umepita mzima bila barua yako, nasi tumeupokea hivyo hivyo. Mama anasema ukikaa kimya ujue unakula vizuri. Goti limetulia tangu jua litoke. Dereva wa lori lenu alikuja kupigiwa pasi koti la harusi ya dada yake. Nilimuuliza habari za barabara ya huko. Akalitazama koti kidogo, akasema, "Barabara ni barabara." Sikuuliza tena. Amesema unamgawia chai kila akifika, namshukuru aliyekulea.

Sasa kaa kitako.

Nilikuwa napiga pasi, nimewasha wimbo wowote tu, ilimradi duka lisinong'one. Mara ukuta ukagongwa.

"Jirani! Huo si wa mapazia ya zahanati?"

Nikabaki na pasi hewani. "Umejuaje?"

"Nitaachaje kujua? Fundi alikuwa anauimba huku anayatukana yale mapazia!"

Shemeji, miaka yote ile mbao zile zilikuwa zinasikiliza. Nikaiacha pasi ikiwa imesimama, nikazunguka mpaka mlangoni kwake. Alikuwa na mteja, mama wa duka la vyombo, kichwa kimesukwa upande mmoja na upande wa pili umetawanyika. Nikamwambia, "Jirani, wiki ile ya mwisho, mimi nikiwa natoka kupeleka nguo, alikuwa akipiga nini?"

Akaweka kitana chini.

"Ule? Ule nusura uniue. Kutwa nzima ni ule mmoja. Ukifika mwisho anauanza tena. Nikagonga nikamwambia, 'Fundi, huna mwingine?' Akanijibu, 'Ninayo mingine, lakini huu nimeutafuta tangu utotoni.' Basi nikanyamaza. Nikausukia wateja."

"Uimbe."

"Mimi niuimbe?"

Yule mama akageuka na nusu ya kichwa chake. "Kaka, nakuomba usimchokoze. Nimekuja kusukwa, sijaja kuteswa."

Msusi akauimba. Nakuambia kwa upendo, asiache kazi ya kusuka. Lakini nilielewa jambo moja, kwamba gitaa linaanza peke yake na linatembea mbali kabla mtu hajafungua mdomo. Akabeba kiti cha mteja, nusura na mteja akiwa juu yake, wakahamia kwangu. Yeye anasuka, mimi nabonyeza, kila wimbo mwanzo wake tu.

"Siyo huo."

"Na huu?"

"Siyo. Huo ni gauni la mke wa mwenye nyumba, lile alilolirudisha."

"Na huu?"

"Huo ni wa fundi bomba."

Jioni ya kwanza hatukuupata. Akarudi kesho yake na mteja mwingine, na kesho yake tena. Habari ikatembea mtaani kuliko nilivyotaka. Wateja wakaanza kuja kudai nyimbo zao. Fundi bomba mwenyewe amekuja na funguo zake mkononi, ameusikiliza wimbo wake wote amesimama, kisha akabisha kwamba suruali ile ilirudi mara mbili tu. Msusi akamwambia mara ya tatu alikuja jioni akiwa ameifunga kwa kamba ya bomba, na akitaka atamwita shahidi. Nimeandika mara ya tatu. Bibi harusi aliyenuna amekuja na mtoto mgongoni, anacheka mpaka machozi, anasema viatu ndivyo vilivyokuwa vinambana. Nikamuuliza kama angependa nibadilishe. "Thubutu," akasema. "Acha alivyoniona."

Majina hayarudi yote. Kuna nyimbo ambazo hakuna anayezijua, nimeziacha na watu wao wa miwani. Lakini kila siku moja mbili zinarudi, na kila inayorudi inakuja na mtu na maneno aliyomwambia. Zamani nilikuwa na majina tu. Sijui nimshukuru nani kwa kosa langu, lakini nashukuru.

Alhamisi iliyopita, msusi akiwa ameingiza vidole kwenye nywele za mtu, alisimama ghafla.

"Huo."

Gitaa peke yake. Nikazima hapo hapo.

"Mbona umezima? Tumeutafuta mpaka mikono imekufa ganzi, umeupata, unauzima?"

"Siyo wangu," nikamwambia.

Akanitazama. "Haya," akasema. Akachukua kiti chake na mteja wake. Wakarudi upande wao.

Nimeuandika upya kwa kidole kimoja, kama yeye: "Ya mdogo wangu. Mpaka mwisho." Nimeunakili, diski nimeifungia kabatini, na programu ikiniuliza chochote nakataa hata kabla sijasoma. Siusikilizi. Sikuletei huko pia, ingawa dereva angeubeba. Alisema akishuka.

Sikuharakishi. Upo.

Shemeji yako.


30 Mei

Shemeji,

Mama hajambo? Mpe mkono wangu. Mwambie nakula.

Barua yako niliisoma nje kwenye vipimo, nikasahau kuandika kiasi cha mvua. Mwenzangu alikuja kunitafuta akidhani nimeanguka. Nimeisoma naye sehemu ya fundi bomba, amecheka mpaka akakohoa. Mnafahamika huku sasa, wewe na msusi.

Barabara si mbaya, shemeji. Ilikuwa mbaya siku ile ya mazishi, hilo ni kweli, mlima ulishuka na njia. Ilitengenezwa baada ya wiki. Wewe ulijua, na dereva amejua, na hakuna aliyeniambia neno. Nawashukuru.

Huku juu hakuna aliyemfahamu. Hakuna kiti chake wala kikombe chake. Kwa hiyo nikiamka asubuhi, dada yupo dukani, anashona, anamtukana mtu wa mapazia, na mimi niko kazini tu kama miaka yote. Nikishuka nitalikuta shuka juu ya cherehani. Uliponiandikia kuhusu wimbo niliogopa, maana nilielewa maneno yale mara moja. Uliponiambia umepotea, nikapumua. Nakuandikia hili kwa sababu wewe ulikuwa unateseka kuutafuta na mimi huku nimepumua.

Nimeomba likizo. Nitashuka na lori linalofuata. Usinipokee na watu. Nipokee na pasi tu, shati langu limekunjamana kweli.

Mdogo wake.


12 Julai

Shemeji,

Nimefika salama, kikapu cha mama kimefika salama, na nusu yake imebaki kwa dereva. Mwenzangu anasema nimenenepa na anataka naye apewe shemeji.

Nakushukuru kwa siku zile. Kwa godoro ulilonipisha, kwa kunipeleka kaburini bila kuongea njia nzima, na kwa kunirudisha ukiongea njia nzima. Nashukuru ulivyonishikia taa ya simu nilipoifungua kompyuta ya zamani. Nimefungua mashine nyingi, sijawahi kuona tumbo kama lile. Vumbi la nguo, limeshikana kama blanketi, nyekundu ya sare, nyeupe ya shela, na ule ukijani mbaya. Haikuwaka, na haitawaka. Mavumbi ya kila alichoshona ndiyo yaliyoiua, na mimi sikuweza kuikasirikia. Kipande kidogo nimekuja nacho, kimo ndani ya kisanduku cha miwani yangu.

Mchana ule uliniwekea kiti mbele ya kompyuta mpya, ukasema unatoka kupeleka suruali ya mtu. Hukuwa na suruali mkononi, shemeji. Nilikuona ukipita dirishani mikono mitupu, umevaa zile soksi. Ahsante.

Hukuniuliza nilisikia nini. Nakuandikia.

Tulipokuwa wadogo, wimbo ule ulipigwa redioni kila jioni kabla ya taarifa ya habari. Baba alitulia akisikiliza gitaa, alitulia wakiimba, lakini kabla haujaisha alikuwa anaizima redio kidogo ili betri zipumzike. "Betri ni za habari," alikuwa akisema. Hatukuwahi kuusikia unavyoisha. Hata siku moja. Dada alidai sauti zinafifia taratibu mpaka hazipo. Mimi nilidai wanapiga kelele wote pamoja. Tuligombana kitandani hadi mama alipopiga ukuta. Tukakua, kila mtu akaenda kazi yake, redio zikawa za umeme, na wimbo ule haukupigwa tena. Kila tulipoonana aliniuliza, "Bado unasema wanapiga kelele?" Nami namjibu, "Na wewe bado unasema wanafifia?"

Basi nikabonyeza. Gitaa likatembea. Wakaimba. Ikafika pale baba anaponyoosha mkono, na mkono wangu mwenyewe ukataka kuzima, nikauweka chini ya paja.

Hakuna aliyekuwa amepatia. Hawafifii wala hawapigi kelele. Sauti zinaacha, ngoma inaacha, gitaa linabaki peke yake kama mwanzo, kisha nalo linasimama. Kiti cha mpigaji kinalia. Mtu mmoja anauliza, "Basi?" Na mwingine anamjibu huku anacheka, "Basi."

Nilikaa. Sijui ulikuwa umefika wapi na suruali yako.

Ukuta ukagongwa, mara moja, taratibu.

"Mdogo wake Fundi," msusi akasema. "Urudie."

Nikaurudia.

Ni mimi, shemeji yako wa huko juu. Lile shati la mwalimu wa hesabu, nimeona umelipatia wimbo: "Shati la mwalimu, halikuwa limekunjamana." Dada angeongeza koma moja mahali pasipotakiwa. Mengine yote ni yake kabisa.